Watazamaji wanaielewa hatia ya mhusika wangu lakini hawaogopi. Nirekebishe wapi?

Swali: Ninaandaa filamu fupi ya taharuki ya kisaikolojia ya dakika 12, mradi wa kumaliza kozi. Baba mgonjwa alifariki usiku ambao mwanawe mkubwa alikuwa na zamu ya kumwangalia. Kijana alitoka kwa saa mbili na hakumpa dawa. Mama anaamini aliyezembea ni dada mtu. Nimetumia kisengerenyuma (kurudi nyuma kuonyesha tukio lililopita) mara tatu, sauti ya kaka akijisemea moyoni, na kivuli cha baba kinachomtokea usiku. Mwishoni tunagundua kwamba dada alijua tangu mwanzo. Wenzangu waliosoma skripti wanasema, "Tumeelewa, ila hatukuogopa." Kasoro iko wapi?

Jibu: Kisa chako kina kila kinachohitajika, ila hatia umeifungia kichwani mwa kaka, kisha umeleta mbinu tatu za kukipasua hicho kichwa. Kila mtazamaji anapoambiwa kaka anajisikiaje, anatulia, maana hana tena cha kukisia. Kamera haina namna ya kupiga picha ya hatia. Kinachopigika ni kazi ya kuificha. Na kazi hiyo inakuwa ya kutisha pale wanaokaribia kuigundua wanapokuwa watu wanaompenda. Polisi anaweza kukimbiwa. Mama anayekuletea chai chumbani utamkimbilia wapi?

Kwa hiyo anza kwa kuipa hatia umbo linaloshikika. Dawa tayari unayo, itumie. Chukua kisanduku cha plastiki cha kupangia dawa, kile chenye vyumba vya siku saba, asubuhi na usiku, jumla vyumba 14. Baba alifariki Jumanne usiku. Vyumba vyote vya kabla ya hapo vitupu, ila kile cha Jumanne usiku bado kina kidonge. Kaka anafungua kifuniko, anakiona, na wakati huohuo anasikia nyayo za mama koridoni. Sasa ana sekunde tano za kuamua. Akikimeza au kukitupa chooni, ushahidi umekwisha na taharuki imekwisha nao. Akikiacha, atakuwa mtu wa kusubiri tu. Nashauri akitie kwenye mfuko wa shati, kwa sababu kuanzia hapo atatembea nacho katika kila sini (onyesho), na mtazamaji atautazama ule mfuko hata pale mazungumzo yanapohusu jambo jingine kabisa.

Tazama jinsi mapenzi ya nyumbani yanavyogeuka hatari bila mtu yeyote kuinua sauti. Mama anamwambia, "Vua hilo shati nikufulie, tangu juzi unalo." Kaka anakataa. Mama anacheka kidogo, ananyoosha mkono kumfungua kifungo kama alivyokuwa akimfanyia alipokuwa mdogo. Hakuna mpelelezi, hakuna kisu, na mtazamaji ameshika kiti. Baadaye, kaka akiwa amekificha na kisanduku chenyewe, mama anasema, "Nisaidie kutafuta kisanduku cha dawa za baba yako, nataka kukiweka." Kaka anatafuta pamoja naye kitu alichokificha mwenyewe, na anajitahidi kutafuta kuliko mama.

Sini hizi zinafanya kazi kwa sharti moja: mtazamaji ajue kabla ya mama. Ukificha kidonge hadi dakika ya 11 utapata mshtuko wa sekunde tatu, na dakika zote zilizotangulia zitakuwa za watu wenye huzuni wasiotueleza kinachowasibu. Ukikionyesha katika dakika ya kwanza, unapata dakika 11 za wasiwasi. Pitia skripti na pembeni ya kila sini andika: nani yuko karibu kujua nini, na kaka anafanya nini kumzuia? Sini isiyo na jibu iondoe, hata kama ndiyo uliyoiandika vizuri kuliko zote. Mara nyingi ndizo zile ambazo mhusika amekaa kitandani anatazama ukuta.

Sasa dada. Kugundua mwishoni kwamba alijua siku zote ni kupoteza silaha yako kubwa. Ihamishie katikati, dakika ya sita hivi. Mezani, mama anamgeukia: "Wewe ndiye uliyeandika ratiba ya dawa. Wewe." Dada anamtazama kaka mara moja, kisha anasema, "Nisamehe, mama." Hakuna zaidi. Katika kutazamana huko kaka anatambua kwamba dada anajua, na kwamba ameamua kubeba. Kuanzia hapo filamu inabadilika: kaka hamwogopi tena mama anayeuliza, anamwogopa dada asiyeuliza. Kila wema wa dada unakuwa deni. Usimfanye aeleze kwa nini amenyamaza. Mpe mwigizaji sababu moja, kwa mfano kwamba mama amempoteza mume na dada hataki ampoteze na mwana, lakini sababu hiyo ibaki kati yako na yeye. Ikiingia kwenye mazungumzo, dada anakuwa mtakatifu, na mtakatifu hatishi.

Jambo jingine ambalo waandishi wengi hukosea: usilete daktari kuthibitisha kwamba kukosa kidonge ndiko kulikomuua baba. Huhitaji. Hatia iliyothibitishwa ina ukubwa unaojulikana, mtu anaweza kuikiri, kuadhibiwa, kuomba radhi. Ile isiyothibitika haina mwisho. Kaka hajui kama baba angepona, hatajua kamwe, na hawezi kumuuliza mtu bila kujitaja.

Wanasaikolojia hutofautisha hatia na aibu, na tofauti hiyo itakusaidia kumwongoza mwigizaji. Hatia inahusu tendo: nimefanya vibaya. Aibu inahusu nafsi: mimi ni mbaya. Mwenye hatia husukumwa kurekebisha, mwenye aibu husukumwa kujificha. Kaka wako ana vyote viwili na vinavutana, na mvutano huo unaonekana kwa matendo. Anakuwa msaidizi kupita kiasi: anaosha vyombo visivyo zamu yake, anamlipia dada vitu, anaamka kabla ya wote. Lakini mtu akimshukuru, anatoka chumbani. Hawezi kukaa kwenye kiti kilichokuwa kando ya kitanda cha baba. Anasahihisha mambo madogo yasiyo na maana ("haikuwa saa tatu, ilikuwa saa tatu na nusu") kwa sababu kubwa hawezi kuligusa. Chagua mawili au matatu ya aina hiyo uyarudie yakibadilika kidogo kila mara. Ukiyatia yote utapata orodha ya dalili badala ya mtu.

Usimwambie mwigizaji "onyesha hatia". Atakupa macho ya kukwepa, jasho na midomo inayotetemeka, na hayo hayafanani na maisha. Uchambuzi wa Charles Bond na Bella DePaulo uliochapishwa mwaka 2006, uliounganisha matokeo ya tafiti nyingi, ulionyesha kwamba watu hutambua uongo kwa wastani wa asilimia 54 tu, karibu sawa na kurusha sarafu. Maana yake mama yake kutogundua ni jambo la kuaminika, na mwigizaji akitoa jasho mbele yake ndiye mama atakayeonekana mjinga. Mpe kitenzi: mzuie mama asifike kabatini. Mfanye dada acheke. Maliza chakula upesi bila kuonekana una haraka. Uso ukibaki mtulivu, uhariri utakamilisha kazi. Lev Kuleshov, mwongozaji wa Urusi, alionyesha hilo mwanzoni mwa karne ya 20: uso uleule mmoja ukiunganishwa na bakuli la supu, kisha na jeneza, watazamaji waliona hisia tofauti. Shoti (kipande kimoja cha picha) ya mfuko wa shati ikifuatwa na uso mtulivu wa kaka inatosha.

Katika mazoezi, tenga saa mbili ambazo waigizaji watatu wanapika na kula pamoja wakiwa wahusika, bila kugusa kisa. Undugu ni mazoea ya mwili: nani anampisha nani mlangoni, nani anachukua sahani ya nani bila kuomba. Wageni waliokutana asubuhi ya kupiga picha hawana mazoea hayo, na bila hayo mtazamaji hataona kuna nini cha kuvunjika.

Kuhusu zile mbinu tatu. Sauti ya ndani iondoe yote. Visengerenyuma viondoe pia. Ikiwa kuna taarifa ya lazima (kwamba kaka alitoka kwa saa mbili), iweke kinywani mwa mtu asiyejua uzito wake. Jirani akisema, "Usiku ule nilikuona ukiingia, pole sana, ulifika umechelewa," umepata taarifa, na umepata shahidi mpya. Kivuli cha baba ndicho kigumu zaidi kukitetea. Mzimu ukitokea, hofu inahamia kwake, na kaka anapumzika kutoka kwa mama na dada. Ukitaka baba awepo, mwache awepo kwa kiti chake, sauti ya kengele ya simu iliyowekwa kukumbusha saa ya dawa, ambayo hakuna aliyekumbuka kuizima. Saa tatu usiku inalia. Wote watatu wako sebuleni. Nani ataizima? Hapo una sini nzima bila mzimu.

Mwisho usiwe kukiri kwa machozi. Kukiri kunamfungua kaka na kunamfungua mtazamaji. Njia mojawapo: mama anamvalisha kaka saa ya mkononi ya baba mbele ya dada, akisema, "Angalau wewe ulikuwepo." Kaka anaweza kuikataa, na kukataa ni kukiri. Anaweza kuipokea, na kupokea ni kumzika dada. Mwachie uamuzi huo, uonyeshe mkono wake, ukate. Uamuzi wowote utakaochagua, lazima ugharimu mtu mwingine wa familia. Mwisho ambao kaka analipa peke yake ni wa kisa kingine.

Kwenye kamera, kishawishi kikubwa cha aina hii ya filamu ni giza. Nyumba nyeusi ya buluu saa nane usiku tumeiona sana, na kamera za wanafunzi hutoa chembechembe mbaya penye giza. Piga sini nyingi mchana. Tumia chanzo kimoja cha mwanga, dirisha la pembeni, na upande wa pili wa uso simamisha kitambaa cheusi umbali wa mita moja hivi kunyonya mwanga unaorudi kutoka ukutani. Nusu ya uso itazama yenyewe bila kupunguza mwanga wa chumba. Ngozi iwe na mwanga sahihi, nyuma kuwe kweusi kidogo, na uamini histogramu (grafu ya mwanga ndani ya kamera) kuliko skrini ya kamera, ambayo gizani hukudanganya kwamba picha ina mwanga wa kutosha. Usichanganye bila kukusudia mwanga wa dirisha (karibu 5600 kwa kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga) na balbu za njano (karibu 2700 hadi 3200). Umeme wa hezi 50 unahitaji shata (muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila picha) ya sekunde 1/50 au 1/100, wa hezi 60 unahitaji 1/60 au 1/120, vinginevyo baadhi ya taa zitapepesa na hutaziponya kwenye kompyuta.

Lenzi chache zinatosha. Sini za familia zianze na lenzi ya milimita 35, wote watatu ndani ya fremu moja, kamera imetulia kwenye urefu wa macho. Kadiri siri inavyobana, nenda 50, kisha 85, hadi kila mtu anabaki peke yake ndani ya fremu ingawa wamekaa meza moja. Mwendo wa kamera kusogea taratibu kuelekea uso uutumie mara moja tu filamu nzima, pale dada anaposema "nisamehe". Ukiutumia mara nne hautakuwa na maana yoyote. Na kumbuka kupiga wanaosikiliza. Katika sini ya saa ya baba, rekodi sini nzima tangu mwanzo hadi mwisho kamera ikiwa kwa kaka anayesikiliza, kisha yote tena kwa dada. Huko ndiko filamu iliko, na ndizo shoti ambazo wanafunzi hukosa wanapofika kuhariri, kwa kuwa muda uliisha wakimpiga anayezungumza.

Kisanduku kinahitaji mtu wake. Nunua vitatu vinavyofanana, mpe msimamizi wa mwendelezo (anayehakikisha vitu vinalingana kutoka shoti hadi shoti) jukumu la kupiga picha kwa simu kabla na baada ya kila sini, na mwandike jedwali: sini namba fulani, vyumba gani vitupu, vipi vina vidonge, kifuniko kipi kiko wazi. Mkipiga sini bila kufuata mfuatano wa hadithi, na mtalazimika, chumba cha Jumanne kitajaa au kitakuwa kitupu wakati usiofaa, na mtazamaji mliyemfundisha kukitazama ataona. Vidonge viwe peremende ndogo za rangi inayofanana. Usilete dawa halisi eneo la kazi, hasa kama mwigizaji ataweka kitu mdomoni.

Sauti ndiyo itakayotisha kuliko picha. Shika maikrofoni ya fimbo juu ya kichwa cha mwigizaji, umbali wa sentimita 30 hadi 60, nje kidogo ya fremu. Vilele vya sauti vifike karibu desibeli −12 kwenye kipimo cha kinasa sauti ili kuwe na nafasi akipandisha sauti ghafla. Zima friji, na weka funguo za gari ndani yake ili asiondoke mtu kabla ya kuiwasha tena. Katika kila chumba rekodi ukimya wake kwa sekunde 60, watu wote wakiwa wamesimama kimya, kabla ya kuhamisha taa. Bila rekodi hiyo, kila utakapokata neno kwenye uhariri patabaki shimo, na sikio hulisikia shimo upesi kuliko jicho linavyoona kosa. Kisha tenga nusu saa urekodi kifuniko cha kisanduku peke yake, maikrofoni karibu kabisa: kikifunguliwa taratibu, kikifunguliwa haraka, kikifungwa kwa kidole gumba, kidonge kikigonga plastiki. Mlio huo mdogo ukishazoeleka, huna haja tena ya kuonyesha kisanduku. Kaka amelala, mlio unasikika chumba cha pili, anafumbua macho. Muziki uahirishe, na mkiutaka, mpate wa mtunzi mnayemjua kwa idhini ya maandishi, maana wimbo usio na idhini utaizuia filamu isionyeshwe tamashani.

Ratiba: kurasa 12 za skripti katika nyumba moja zinataka siku tatu, kurasa nne kwa siku. Siku ya kwanza msiweke sini ya mezani. Waigizaji hawajazoeana na timu haijapata kasi. Iweke siku ya pili, asubuhi baada ya chai, na siku ya tatu baki na saa ya baba pamoja na shoti za karibu za mikono, mfuko na kisanduku. Kwa sini nzito, baada ya shoti pana ingia moja kwa moja kwenye uso wa atakayebeba hisia. Hisia za mtu huchoka, na ukimwacha hadi saa kumi jioni utapata kivuli chake. Kabla ya kulala, nakili faili zote kwenye diski mbili tofauti, na mtu wa pili aifungue moja ahakikishe zinacheza.

Kwenye uhariri, mkusanyiko wa kwanza utafika dakika 15 au zaidi. Punguza kwa kuingia kwenye sini kwa kuchelewa na kutoka mapema, si kwa kukata ukimya wa katikati. Kwa nyuso za wanaosikiliza, bakia fremu 10 hivi (picha moja moja za video, chini ya nusu sekunde) baada ya pale mkono wako unapotaka kukata. Ndani ya fremu hizo mtazamaji huanza kushuku. Urefu wa dakika 12 pamoja na majina ya waliohusika unakufaa: shindano la filamu fupi la tamasha la Cannes huishia dakika 15, na tuzo za Academy (Oscar) huhesabu filamu kuwa fupi hadi dakika 40, lakini waratibu wengi wa matamasha hupendelea fupi zaidi kwa sababu hupangika kirahisi.

Kabla ya kufunga picha (kuamua kwamba mpangilio wa shoti haubadiliki tena), onyesha watu watano ambao hawajasoma skripti na hawakujui vizuri. Usiwaulize kama wameipenda. Waulize waandike: ulijua lini kwamba kaka anaficha kitu? Dakika ipi ulitaka mtu aseme ukweli, na ulitaka nani aseme? Ulifikiri dada anajua nini? Wakisema walijua baada ya dakika ya pili, shoti ya kidonge ni fupi mno au iko mbali. Irefushe au uipige upya, ni shoti ya meza moja na mkono mmoja, haihitaji timu nzima. Wakisema hawakutaka mtu yeyote aseme ukweli, sini za mwanzo hazijaonyesha mapenzi ya kutosha kati ya ndugu, na hapo rudisha zile sekunde za kaka na dada wakipokezana vyombo ambazo pengine ulizikata ukidhani hazina kazi. Wakigawanyika, wengine wakitaka kaka aseme na wengine wakiomba anyamaze, funga picha uende kwenye sauti.